Siku Tulipoyajaza Maegesho

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imeanza. Ni ile ya kunyunyiza tu, kama mtu anayerashia nguo maji kabla ya kupiga pasi.

Leo nimeanza kazi mpya. Jiji limejenga maegesho ya baiskeli nyuma ya stendi kuu ya mabasi: paa la bati, safu nne za vyuma vya kufungia, kibanda cha kukaa sisi, na bango la mwanamke anayeendesha baiskeli huku anacheka meno yote nje. Mimi ndiye mpokeaji. Mtu akija nampa kibati chenye namba, na kibati pacha nakining'iniza kwenye usukani. Akirudi, vibati vikilingana, anachukua chake na kwenda zake. Nilikotoka nilikuwa nazibua mitaro, na daktari aliniambia kifua changu hakitavumilia msimu mwingine wa mitaro. Kwa hiyo hapa nimepapenda hata kabla sijapajua.

Leo imekuja baiskeli moja. Ni ya mwenzangu.

Jumanne, 4 Machi
Mwenzangu ni mzee anayeitwa Breki, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Alikuwa fundi baiskeli kabla macho hayajaanza kumsumbua. Kazi yake hapa ni kulinda na kujaza upepo. Asubuhi nzima ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kifuani, anatazama mvua. Nikamwuliza kama hana la kufanya.

"Lipo," akasema. "Halijafika."

Nimeshamjua mtu huyu. Ni mvivu wa kuzaliwa.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua. Baiskeli tatu, na mbuzi mmoja aliyekuja kujikinga.

Jumatatu, 10 Machi
Leo amekuja afisa wa jiji anayesimamia kampeni. Ni kijana nadhifu, mchangamfu, ana kipaza sauti begani ambacho hakivui hata akiongea na mtu mmoja. Breki amembatiza Kipaza. Alinipa karatasi za matangazo, tukaenda wote kwenye foleni ya mabasi kuwashawishi watu wapande baiskeli.

Mwanamume mmoja mwenye tai akaniambia, "Dada, nikionekana kwenye baiskeli, kesho kijiji kizima kitajua nimefilisika." Mama mmoja akanionyesha sketi yake iliyombana, akaniuliza, "Na hii nayo ipande vipi?" Kijana mwingine akasema atapanda siku nitakayozima hii mvua. Kila mmoja na udhuru wake. Kipaza hakukata tamaa. Alinguruma mpaka foleni ikaisha kwa kupanda mabasi.

Kisha mzee mmoja mtundu akaniuliza, "Wewe mwenyewe yako iko wapi?"

Nikasema iko ndani. Sikusema kwamba sijui kuendesha. Baba alikuwa tarishi, aliendesha baiskeli maisha yake yote ya kazi, na alimfundisha kaka yangu. Mimi niliambiwa nikashike ndoo.

Jumatano, 12 Machi
Nimepata mteja wa kweli. Ni nesi wa hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, ambayo geti lake linaruhusu magari ya madaktari lakini baiskeli haliziruhusu. Alikuja amelowa kuanzia magotini kwenda chini, anacheka. Nyuma ya baiskeli yake kuna kiti kidogo cha mbao, rangi ya manjano. Binti yake wa darasa la kwanza ndiye aliyekipaka, na rangi nyingine imeangukia kwenye tairi. Kila asubuhi humpakia mtoto, humshusha shuleni, ndipo huja kazini.

"Hizo ndizo dakika zetu," akaniambia. "Nyumbani ninakuwa nafua, napika, nagomba. Njiani ananisimulia ndoto zake zote."

Nikampa kibati namba saba. Jioni alipotaka kunirudishia, Breki akainuka kwenye ndoo yake, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Kaa nacho, mama. Saba ni yako. Kesho utaikuta nafasi inakungoja."

Alipoondoka nikamwuliza Breki nani kamruhusu kugawa vibati vya jiji. Akasema, "Mtu akijua kuna mahali panamngoja, atarudi." Ukawa utaratibu wetu. Wateja wa kila siku wanaondoka na vibati vyao, na nafasi zao haziguswi hata kama hawapo.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua kubwa. Bati linapiga kelele, hatusikilizani. Baiskeli tano, na ya namba saba ipo.

Jumamosi, 22 Machi
Aibu imenitoka puani. Nesi amegundua. Aliniomba niisogeze baiskeli yake, nikaikokota kwa pembeni kama mtu anayevuta ng'ombe mkaidi. Akanitazama. "Dada, wewe hujui kupanda!" Nilidhani atanicheka mpaka kesho, na kweli alicheka, lakini baadaye akaishika ile baiskeli kwa nyuma, akaniambia nikae. Zamu yake ilikuwa imekwisha na maegesho yalikuwa matupu. Tukazunguka kati ya vyuma, yeye ameshika siti anakimbia nyuma yangu, mimi napiga kelele.

"Usitazame tairi! Tazama unakokwenda!"

"Usiniachie!"

"Sijakuachia. Kanyaga!"

Breki alitoa hukumu kutoka kwenye ndoo: "Hata gunia la viazi lingekuwa limeshajifunza." Sikumjali. Nina miaka arobaini na sita, na leo kwa mara ya kwanza kuna mtu ameshika siti ili nisianguke. Nimerudi nyumbani nikamsimulia Baba. Akasema, "Mimi nilipaswa." Akageukia ukutani akalala.

Jumanne, 25 Machi
Mvua. Somo la pili. Nimeanguka mara mbili, goti limechubuka. Nesi amelisafisha kwa dawa na kunigombeza kama mtoto wake.

Ijumaa, 28 Machi
Habari mbaya. Kipaza amekuja bila kipaza, nikajua kuna jambo. Mkurugenzi wa jiji anakuja Alhamisi kujionea maegesho. Kuna watu ofisini wanasema watu hawataki baiskeli, na eneo hili ligeuzwe maegesho ya magari ya wakubwa. Akikuta matupu, basi.

"Na sisi?" nikauliza.

"Mzee atapumzishwa. Wewe utarudi ulikotoka."

Nilikotoka ni mtaroni. Nimekaa kibandani nasikiliza kifua changu kinavyokoroma kwa baridi hii tu, nikajiambia siwezi kurudi kule. Baiskeli zinazokuja siku njema hazijazi hata safu moja. Mvua hii ndiyo imetuua. Mtu gani ataanza baiskeli kwenye tope?

Jumatatu, 31 Machi
Wazo lilikuwa langu. Naliandika hapa ili nisije kumsukumizia mwingine.

Nilimwambia Kipaza: kama watu hawaji na baiskeli, sisi tuzilete baiskeli bila watu. Alinitazama, akacheka polepole, akasema jiji lina stoo iliyojaa baiskeli zilizokamatwa mitaani. Zinaweza kuazimwa kwa siku moja. Nyingine tutaomba kwa mafundi.

Breki alikataa. "Mahali palipojaa baiskeli zisizopandwa ni stoo, si maegesho."

"Mzee, utapenda kupumzishwa?"

"Sitapenda."

"Basi jaza upepo."

Akaichukua pampu. Nilijisikia mwerevu sana. Huyu mzee, nilijiambia, angeachiwa peke yake angekaa juu ya ndoo mpaka waje kuibeba ndoo na yeye juu yake.

Jumatano, 2 Aprili
Tumezipanga mpaka giza. Zimejaa safu zote. Breki amezifuta kutu kwa mafuta ya taa na kuzijaza upepo zile zinazoshika upepo. Nyingine tumezificha katikati. Nyumbani nikamwomba Baba baiskeli yake. Imening'inia kwenye ukuta wa ukumbi tangu magoti yake yalipomkataa, lakini kila Jumapili huifuta. Macho yake yaling'aa. "Ichukue. Iache nayo ionekane kabla hatujafa." Aliing'arisha mwenyewe mpaka kengele inaonyesha sura ya mtu.

Asubuhi nitaiweka mbele kabisa, penye nafasi nzuri kuliko zote. Nafasi hiyo ni namba saba. Lakini Nesi aliniambia Alhamisi hii hana zamu.

Alhamisi, 3 Aprili
Sijui nianzie wapi.

Mvua ilikuwa inamwaga tangu alfajiri. Kabla Mkurugenzi hajafika, nikamwona Nesi anaingia, anahema, koti la mvua limemganda mwilini. Mwenzake ameugua, wamempigia simu aje. Amemshusha mtoto mbiombio, amechelewa, na kuna mama anajifungua anamsubiri. Akaikokota baiskeli moja kwa moja hadi kwenye nafasi yake, akasimama. Baiskeli ya Baba ilikuwa pale.

Akatazama safu zote. "Leo kuna nini? Pamejaa!"

"Watu wamehamasika," nikasema. Nilisema hivyo hivyo, kwa uso mkavu.

"Na yangu?" Akatoa kibati mfukoni. Saba.

Ningeweza kuitoa baiskeli ya Baba. Mikono miwili tu, hatua chache, ningeiegemeza ukutani kibandani. Breki alikuwa ameshaanza kuinuka. Lakini nilikuwa nimeshamwona Mkurugenzi kichwani mwangu anaigonga ile kengele, anauliza hii nzuri ni ya nani, nami najibu ni ya baba yangu, alikuwa tarishi wa jiji hili. Nilikitaka kitu hicho. Nikasema:

"Nesi, leo tu, ifunge hapo nje kwenye uzio. Ni saa moja tu. Nitaiangalia."

"Utaiangalia?"

"Kwa macho yangu mawili."

Aliniamini. Akaifungia uzioni, akakimbia akivuka barabara bila kugeuka.

Mkurugenzi akaja na miavuli na wapiga picha. Kipaza alinguruma. Mkurugenzi alipita katikati ya safu akitingisha kichwa kwa kuridhika, akaipita baiskeli ya Baba bila hata kuitupia jicho. Hakuigonga kengele. Tukapigwa picha, mimi nimesimama katikati nacheka kama yule mwanamke wa kwenye bango.

Walipoondoka nikatoka nje. Uzioni kulikuwa na mnyororo uliokatwa, umelala kwenye tope.

Ijumaa, 4 Aprili
Jana nilishindwa kumaliza. Nesi alirudi jioni, nikamwambia. Hakupiga kelele. Alinyanyua ule mnyororo, akauangalia palipokatwa, akasema, "Mtoto ananingoja getini. Wamefunga shule." Mabasi yote yalikuwa yamefurika. Akaenda kwa miguu kwenye mvua. Nilimfuata kidogo nikimwita, hakugeuka, nikarudi.

Wakati huo Breki alikuwa anazifungua baiskeli za jiji ili lori lizichukue. Nafasi zikawa wazi moja moja. Baada ya muda palikuwa na nafasi ya baiskeli zote za mtaa, ila ile moja haikuwepo tena.

Jumanne, 8 Aprili
Barua imefika. Mkurugenzi ameridhika. Maegesho yanabaki. Nimeisoma nikangoja furaha ije, haikuja.

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua. Mvua. Breki haonekani mchana. Akimaliza kujaza upepo anaondoka na kurudi jioni, viatu vimejaa tope. Nilimwambia kwa ukali kwamba huu si wakati wa kuzurura. Akakung'uta viatu.

Nimemwendea Kipaza nikamwomba baiskeli moja tu kutoka stoo ile, ampe Nesi.

"Dada, zile zina taratibu zake. Haziwezi kutoka hivi hivi."

"Mbona Jumatano ile zilitoka hivi hivi?"

Alijifanya anatengeneza waya wa kipaza. Mwezi uliopita nilikuwa namwona huyu kijana kama jua la jiji hili. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mimi nilikuwa mmoja wa walioshika ngoma.

Jumatatu, 21 Aprili
Nimemwambia Baba yote. Nilitarajia anifariji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema. "Huyo mkubwa wako alipita. Nesi alikuwa anarudi kila siku."

Kisha akaongeza, "Mpelekee yangu."

Alhamisi, 24 Aprili
Nimeikokota baiskeli ya Baba kwenye mvua hadi kwa Nesi. Anaishi chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha magodoro. Kitanda kimetandikwa vizuri, meza ndogo, na ukutani michoro ya mtoto. Mtoto hakuwepo.

"Nimempeleka kwa mama yangu," akasema kabla sijauliza. "Bila baiskeli natoka hapa shule haijafunguliwa. Wiki ya kwanza nilimwacha mlangoni pa shule peke yake gizani. Mara mbili. Ya tatu sikuweza."

"Mama yako yuko mbali?"

"Siku nzima kwa basi."

Nikamwambia baiskeli iko nje, ni ya baba yangu, ni yake sasa, hata kiti cha mtoto Breki atatengeneza kingine. Maneno yalikuwa yananitoka mbiombio. Akatoka, akaitazama muda mrefu. Akaitambua.

"Ndiyo ile iliyokuwa kwenye nafasi yangu."

"Ndiyo."

"Si watu waliohamasika."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Dada," akasema, wala hakupandisha sauti, "ungeniambia ukweli asubuhi ile, ningekusaidia kuzipanga. Ningeificha yangu popote, hata chini ya vitanda vya wagonjwa. Wewe uliniambia pamejaa. Irudishe kwa baba yako. Sina hasira na baiskeli. Nina hasira na wewe."

Nimeirudisha. Baba aliponiona naingia nayo, aligeuza uso.

Jumanne, 6 Mei
Mvua imepungua. Baiskeli kumi na moja. Picha yangu imetoka kwenye bango jipya la kampeni, liko mkabala na hospitali. Nesi kila akitoka kazini ananiona nacheka.

Alhamisi, 15 Mei
Leo nimejua Breki alikuwa anakwenda wapi. Kila mchana, tangu siku ile, alikuwa anazunguka masoko ya mitumba na vibanda vya mafundi akiitafuta baiskeli ya Nesi. Kwa macho yale! Anainama mpaka pua inagusa chuma. Na mimi nilimwita mzururaji.

Baiskeli hajaipata. Imeshachinjwa, anasema, gurudumu huku, usukani kule. Lakini kwenye banda la vyombo vya mbao amekuta kitu kikiuzwa kama kigoda cha jikoni. Amekileta kwapani, akakiweka mezani pangu. Ni kiti cha manjano. Kwenye mguu mmoja bado kuna alama ya kidole kidogo kwenye rangi.

Nilijifungia kibandani nikalia. Breki akakaa nje kwenye ndoo yake, akiwapokea wateja kwa niaba yangu.

Jumatatu, 19 Mei
Jua. Vyuma vimekauka. Kijana aliyesema atapanda siku mvua itakapozimwa amekuja kweli, na mwenzake. Safu mbili zimejaa bila kuazima kitu kwa mtu.

Watu wanaomba nafasi ya mbele. Nawaambia saba ina mwenyewe.

Ijumaa, 23 Mei
Nesi amekuja, kwa miguu, akiwa na sare yake. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanikimbia.

Akatoa kibati mfukoni akakiweka mezani. "Nimeleta kitu chenu. Nimehamishiwa hospitali ya kule kwa mama. Naondoka kesho."

"Kaa nacho," nikasema. "Nafasi yako haijaguswa."

"Iguswe, dada. Watu wanaitafuta."

Hapo ndipo alipokiona kile kiti, juu ya kabati nyuma yangu. Alizunguka meza bila kuomba ruhusa, akakishusha, akapitisha kidole kwenye ile alama. Breki aliinuka akavua kofia. Nesi akamwambia, "Asante, baba," kwa sababu alijua bila kuambiwa ni nani aliyekitafuta. Kwangu hakusema kitu. Akakiweka kiti kwapani, akatoka kwenye jua, akavuka barabara. Safari hii nilimwangalia kwa macho yangu mawili mpaka akapotea.

Nimekitundika kibati namba saba kwenye msumari wake. Jioni kimeshachukuliwa na karani mmoja wa benki, anasema amefurahi sana kupata nafasi nzuri hivi.

Jumapili, 25 Mei
Baba ameishusha baiskeli ukutani akaniambia, "Njoo, mimi nitashika siti." Tulitoka hadi barabarani. Nikapanda. Akajaribu kukimbia nyuma yangu, magoti yakamkatalia hatua ya pili, akaachia. Sikuanguka. Niliweka mguu chini, nikashuka, nikamshika mkono, tukaikokota hadi nyumbani.